Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: bustani ya wazee na watoto

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wanachama, wazazi, na nyinyi watoto mliokaa mbele kwenye mikeka, karibuni. Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu, kwa hiyo mimi fedha nitazigusa pale tu zinapohusu maamuzi ya leo. Nataka nizungumzie zaidi utaratibu wa mzee na watoto kumiliki tuta pamoja, na kwa nini nawaomba tusirudi tulikotoka.

Tulikotoka mnakukumbuka. Mzee alialikwa, akapewa kiti cha plastiki chini ya mwembe, akawasimulia watoto kilimo cha enzi zake, akapigiwa makofi, akaaga. Alikuwa mgeni rasmi tu. Mwaka huu kila tuta lilikabidhiwa kwa mzee mmoja na watoto wawili, na hao watatu ndio wenye kauli: wapande nini, wavune lini, fungu lipi liende nyumbani kwa nani na lipi liuzwe. Kamati haiwaingilii ila kwenye mambo ya maji na usalama.

Ambao hamkuwahi kufika siku ya kusia mchicha, niwaeleze nilichokiona. Mbegu ya mchicha ni ndogo sana. Mtoto akiimwaga kwa kiganja inaangukia mahali pamoja, miche inaota imesongamana na kudhoofika. Bibi mmoja wa tuta la karibu na ukuta alichanganya mbegu na mchanga mkavu kwenye sahani, akamwonyesha mjukuu wake wa bustani namna ya kunyunyiza kwa vidole vitatu kufuata mstari. Mtoto wa pili alikuwa akimsomea pakiti, maana yale maandishi madogo macho ya bibi hayayawezi tena, na ni yeye aliyegundua kwamba mbegu imepitwa na tarehe. Bibi hakuitupa. Aliwaambia waoteshe kidogo kwanza kwenye kitambaa kibichi. Zilipoota chache, wakakubaliana kusia nyingi zaidi ya kawaida. Hapo kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hana, na tuta likapata faida. Hotuba ya chini ya mwembe haikutupa hayo hata siku moja.

Mchicha umetusaidia kwa sababu nyingine pia: wiki tatu au nne unachumwa, na mtoto hasubiri hadi akate tamaa. Matembele, majani ya maboga na bamia vilifuata. Wazee waliokulia Kilimanjaro walituletea mnafu, wengine mgagani na mlenda, na sasa wapo watoto wa Yombo na Buza, hapa Dar es Salaam, wanaozitambua mboga hizo shambani kabla hazijang'olewa kama magugu.

Karoti hazikufaulu. Watoto ndio walioziomba, na kamati iliwakubalia. Maji ya kisima chetu yana chumvi, kama visima vingi vya jiji hili, na karoti, sawa na maharage, haivumilii chumvi. Mchicha umevumilia. Nawasihi watoto wasivunjike moyo: wakati wa masika tutajaribu tena kwenye matuta mawili kwa maji ya mvua tutakayokinga kwenye tanki.

Kuna suala ambalo nalichukulia kwa uzito mkubwa. Wazee wengi hapa walisoma shule wakati wa Elimu ya Kujitegemea, ile sera ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 iliyotaka kila shule iwe na shamba lake. Baadhi yao wananiambia walilipenda shamba la shule. Wengine wananiambia walilichukia, kwa sababu aliyechelewa namba alipelekwa kulima, na aliyepiga kelele alibebeshwa ndoo za kumwagilia. Tabia hiyo haijaisha mashuleni. Mwaka huu tuliwaomba walimu tunaoshirikiana nao kwamba tuta la bustani hii lisiwe adhabu ya mtoto yeyote kwa kosa lolote, nao wamekubali na wametekeleza. Nawashukuru kwa dhati. Mtoto akishazoea kushika jembe kwa sababu amekosea, hataamini kwamba babu aliyeinama pembeni yake amekuja kwa hiari na kwa furaha.

Ratiba ilituchosha kuipanga. Jumamosi asubuhi watoto wengi wako chuoni wakisoma Kurani, Jumapili wengine wako kanisani, na saa sita jua halimfai mtu mwenye presha. Tukahamia Jumamosi alasiri, na mwezi wa Ramadhani tukapunguza kazi ikabaki kumwagilia tu. Darasa la saba tuliwaruhusu wapumzike hadi mtihani wa Septemba uishe. Likizo za Juni na Desemba, watoto wanapopelekwa kwa ndugu mikoani, mzigo wote uliwaangukia wazee, na nyonga na magoti yaliumia. Hili nitalirudia kwenye maombi.

Tumeondokewa na mzee wetu mmoja katika mwaka huu, Mungu amrehemu. Watoto wake wawili wa tuta waliendelea kumwagilia bila kuambiwa na mtu. Kamati ilisubiri arubaini ipite, ikaongea na familia, ndipo ikawapa mzee mwingine. Napendekeza iwe kanuni yetu: tuta lisigawanywe wala watoto wasitawanywe, na mzee mpya aingie kwa ridhaa ya hao watoto.

Kuhusu usalama, sheria zetu ni zile zile na hazina mjadala. Mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Hakuna mtoto anayebaki na mtu mzima mmoja peke yake, awe mzee wa heshima kiasi gani. Mzazi anasaini kabla. Picha za watoto hazitumwi kwenye makundi ya WhatsApp bila idhini ya mzazi. Viuatilifu vya dukani haviingii bustanini. Vidukari tunapambana navyo kwa maji ya majani ya mwarobaini, na miarobaini mtaani kwetu haina upungufu.

Sasa fedha. Maji ndiyo yaliyokula sehemu kubwa zaidi ya matumizi, yakifuatiwa na samadi, kwani mchanga wetu bila samadi hautunzi unyevu. Tuliangalia mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Wazee kama kundi hawamo. Ilhali Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea, inawataja wazee kuwa ni hazina. Naomba wanachama tulipeleke jambo hili kwenye mkutano wa mtaa na kwa diwani wetu, kwa adabu na kwa maandishi. Hazina hiyo nayo inahitaji mtaji.

Maombi yangu kwenu ni haya. Akiba iliyobaki itumike kujenga matuta ya kuinuliwa, ya kimo cha kiuno, ili mzee apalilie akiwa amesimama au amekaa kwenye benchi, na kuweka kivuli cha makuti upande wa magharibi. Wapo wanaotaka fedha hizo zinunue fulana za chama. Fulana zinapendeza, lakini tukiwapoteza wazee kwa maumivu ya mgongo zitavaliwa na nani? Pili, kila familia ijiandikishe zamu wakati wa likizo za shule. Tatu, utaratibu wa mzee mmoja na watoto wawili uingizwe kwenye katiba yetu, ili kamati ijayo isiubadili bila kuwauliza nyinyi.

Kura zitapigwa baada ya hesabu kusomwa, na watoto watasikilizwa kabla ya wakubwa kunyoosha mikono. Mwenye marando ya matembele nyumbani ayalete Jumamosi ijayo. Mvua za masika ziko karibu na matuta ya upande wa barabara bado ni matupu.