Mama yangu, anza na stelingi kabla ya tairi kubwa

Mbukwa mama, binti yangu. Picha nimezipata zote na ile video pia. Hilo gari lako la hadtopu limependeza, sikatai, hizo springi za kunyanyua inchi 2 zimelifanya lisimame vizuri na najua tairi za inchi 33 umeshatoa advansi. Ila ile video ya kutoka Nzuguni kwenda Ihumwa mi nimeangalia mikono yako tu. Barabara imenyooka, lami safi, na we unarekebisha stelingi kushoto kulia kushoto kulia njia nzima, af ukaniandikia ni upepo. Sio upepo mama. Gari linatangatanga.

Kabla sijaenda mbali ngoja nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia chote. Unakumbuka ulivokuwa darasa la sita tukakwama kwenye korongo tukitoka Kibakwe, ukalala kwenye mapaja ya mama yako mpaka usiku? Niliwaambia rodi ya stelingi, ile inayounganisha tairi mbili za mbele, imekatika basi. Ukweli ni kwamba ile rodi ilishapinda miezi miwili kabla, nikaipeleka gereji moja wakainyoosha kwa moto na pale ilipochanika wakachomelea, wakapaka rangi nyeusi, na mi nikakubali kwa sababu rodi nyingine ilikuwa mpaka iagizwe Dar na nilikuwa na safari. Kwenye korongo tairi la mbele likagonga jiwe lililofunikwa na mchanga, tulikuwa tunatembea taratibu kabisa, nikasikia tak, stelingi ikawa nyepesi mkononi. Nimeshuka nakuta tairi moja limegeukia huku jingine kule, na rodi imeachana palepale kwenye weldi, ndani ya ule ufa chuma kilikuwa na kutu ya siku nyingi, nusu tu ya mzunguko ndo ilikuwa nyeupe mpya. Maana yake nusu ilishakatika zamani na tulikuwa tunatembelea ile nusu iliyobaki. Na asubuhi ya siku hiyohiyo tulitoka Mbande kwenye lami mwendo wa 90, na nyie wote mmelala. Mpaka leo nikiliona lile korongo naiwaza ile asubuhi, sio ile jioni.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza, kitu chochote cha stelingi hakichomelewi. Rodi, pitmani (mkono unaotoka kwenye stelingi boksi), mkono wa kwenye nako (kile chuma kinachobeba tairi na kugeuka nalo), hakuna. Kikipinda au kikichanika kinatoka kinaingia kingine. Rodi ya zamani ikipinda kidogo bila kuchanika nyoosha ikiwa baridi bila moto, uibebe kama spea ya kukutoa porini, hiyo sawa, ila ukifika mjini inatoka.

Sasa tuje kwako. Ukinyanyua gari la springi za koili kama hilo, mikono inayoshika ekseli inazungusha ekseli kidogo na ile pembe ya kingpini (pini ambayo tairi la mbele linageukia) kulala nyuma inapungua. Angalia baiskeli, foki yake imelala, hiyo ni sababu mojawapo ukiachia mikono inaenda mbele yenyewe. Ukiisimamisha foki baiskeli inakuwa haina akili. Hilo gari lako ndo limefanywa hivo, stelingi hairudi katikati yenyewe ukitoka kona, si ndo ulivoniambia? Dawa yake ni bushi za kurudisha pembe, zile ambazo tundu halipo katikati, zinaingia kwenye mikono ya ekseli. Waambie wazipress kwa mashine, wasipige nyundo, na waangalie alama ya upande, zikigeuzwa zinaongeza ugonjwa. Halafu panadi nayo, ile rodi inayozuia ekseli isiende pembeni, ukinyanyua inavuta ekseli pembeni kidogo, kwa hiyo tafuta ya kurefusha uirudishe katikati, ndo usawazishe usukani kwa draglinki, ile rodi inayotoka kwenye pitmani kwenda upande wa tairi.

Lakini bushi peke yake sio mwisho. Nataka ukague chote kwanza, haihitaji mashine. Gari liwe chini kwenye tairi zake, injini inawaka, mtu akae ndani atikise usukani kidogokidogo kushoto kulia, we lala chini, shika kila tairodi (kile kiungo cha mwisho wa rodi) kwa kiganja moja moja, shika na draglinki mbele ya ekseli, shika pitmani, shika na mwisho wa panadi. Mkono utakwambia. Iliyokufa inagonga kwenye kiganja kama mapigo ya moyo, hata kama kwa macho huoni kitu. Shika na stelingi boksi yenyewe pale ilipofungwa kwenye chesisi, kama inacheza kaza bolti na usugue tope uangalie chesisi haina ufa. Na fundi akikwambia boksi ina mchezo tukaze skrubu ya juu, mkatalie mpaka tairodi zote ziwe mpya. Ile skrubu ikikazwa kupita kiasi stelingi inakuwa ngumu hairudi, na boksi inajila yenyewe.

Mipira ya tairodi ikichanika hata kidogo badilisha, vumbi letu hili la kiangazi likiingia mule na grisi linakuwa msasa. Kutoa tairodi usitumie ile foki ya kugongea, inachana mpira. Legeza nati, iache kwenye nyuzi chache, kisha piga mkono wa nako pembeni, nyundo moja imeegemea upande huu nyingine inapiga upande wa pili, itaruka yenyewe. Kabla hujaifungua kwenye rodi weka alama ya rangi, na ukiifungua hesabu inazunguka mara ngapi. Kurudisha, nati ikishakazwa na tundu la kotapini (pini ya kuzuia nati isilegee) halijaonana, unakaza mbele kidogo mpaka lionane, hurudishi nyuma. Na kotapini mpya kila mara, ni shilingi ngapi hizo.

Ile rodi nene ya bomba zito uliyonitumia bei yake, nunua, ile ya nyuma ya ekseli ndo inayokutana na visiki. Ila usidhani ndo umemaliza. Rodi isipopinda ile nguvu inaenda mahali pengine, kwenye tairodi au mkono wa nako, kwa hiyo bado unapita kwenye mawe kwa adabu. Shokapu ya stelingi iache ya mwisho kabisa. Wengi wakiona gari linatetemeka wanafunga shokapu mpya, mtetemo unajificha miezi mitatu unarudi.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni ile picha ya nne, tairi la kushoto. Kwenye ile tufe ya ekseli kuna uji mweusi unashuka mpaka kwenye rimu. Ile ni sili ya ndani imekufa, oili ya difu inaingia kwenye nako inachanganyika na grisi, na beringi za kingpini zinaoga humo, mbili kila upande. Zikilegea ndo ule mtetemo unaousema ukifika 70. Nunua seti nzima pande zote mbili, sili, beringi na grisi ya molibdeni (moli). Ukifungua, zile shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha ukazo) za juu na za chini usizichanganye, funga kila moja na waya na uandike.

Tairi wambie wakusubiri, advansi haipotei. Mvua za Desemba bado, Kondoa utaenda tu.

Jumamosi napanda basi la asubuhi kutoka Mpwapwa, nakuja na mizani yangu ya kuvuta ya kupimia ukazo wa kingpini na ile kamba ya kupimia tairi za mbele, ukingo wao wa mbele uwe umebana milimita moja mbili tu kuliko ukingo wao wa nyuma. Mama yako anakuletea mlenda. Upande wa kushoto anza nao kama fundi yupo, wa kulia usiufungue mpaka nifike.

Baba yako