Kabla ya Kutia Rangi, Tunaonja Maji: Darasa Letu Kisiwani Chole

Wateja wengi wanaotaka kujiunga na darasa letu la rangi za asili huuliza swali lile lile: nikifuata mnachonifundisha, kitambaa changu kitatoka kama kile cha kwenye picha? Zamani tulijibu ndiyo bila kusita. Tangu safari yetu ya kwanza ya Chole jibu limebadilika, na ni haki yako kujua sababu kabla hujalipa.

Chole ni kisiwa kidogo ndani ya ghuba, kusini-mashariki mwa Mafia. Kutoka Dar unakwenda kwa gari hadi Nyamisati, unapanda chombo hadi Kilindoni, unachukua gari tena hadi Utende, kisha unavuka kwa mashua. Kila sufuria na kila kilo ya shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi, hubebwa begani, na maji yakiwa yametoka unatembea nayo kwenye matope mpaka ufike nchi kavu. Safari hiyo ya kwanza tulibeba kila kitu isipokuwa kile tulichodhani kipo kila mahali.

Tulikuwa na wanafunzi kumi na wawili, wengi wao akina mama wanaosuka ukili. Tukachemsha maganda ya vitunguu, tukakoroga shabu kwenye ndoo ya maji ya kisima, tukazamisha vitambaa. Nilishaahidi rangi ya dhahabu. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai iliyopoa, tena yenye mabaka. Chini ya ndoo ya shabu kulikuwa na machicha meupe kama unga uliokataa kuyeyuka. Nilibadilisha sufuria, nikaongeza maganda, nikaongeza moto. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mkekani akishona ukili alinitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, maji haya umeyaonja?"

Sikuwa nimeyaonja. Alichota kwa kata, akanipa, halafu akaniletea kipande cha sabuni nioshe mikono. Sabuni iliteleza tu, povu halikuja. Yale ni maji magumu. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji yanayopita kwenye mawe hayo hubeba chokaa. Shabu ikikutana na maji ya namna hiyo, sehemu yake hugeuka machicha na kuzama kabla haijagusa uzi, na kazi ya shabu ndiyo hiyo, kushikamanisha uzi na rangi. Rangi nyingi za mimea nazo hubadilika maji yanapokuwa na chokaa. Kosa halikuwa la maganda wala la wanafunzi. Lilikuwa langu, niliyefika na vipimo vya Dar nikavilazimisha kwenye kisima cha watu.

Kwa hiyo sasa asubuhi ya kwanza ya darasa hatuwashi moto kabisa. Tunapanga chupa tatu: maji ya kisima, maji ya mvua kutoka kwenye tangi, na maji ya kisima yaliyokamuliwa ndimu. Kila chupa tunaitia manjano ya unga kidogo na kipande cha kitambaa. Kisha tunachukua kitambaa kimoja cha manjano na kukichovya kwenye maji ya magadi. Hapo hapo kinageuka wekundu wa tofali. Kikamulie ndimu, njano inarudi. Watoto wanaochungulia mlangoni hutaka turudie mara kumi, nasi hurudia, kwa sababu mtu akishaona hivyo kwa macho yake hasahau tena kwamba maji nayo ni kiungo.

(Manjano tunayatumia kufundishia tu. Jua huyafifisha haraka, kwa hiyo hatuuzi kitambaa kilichotiwa manjano peke yake, hata ukituomba.)

Siku ya pili ndiyo kazi yenyewe. Pamba haishiki shabu vizuri ikiwa peke yake, kwa hiyo kwanza tunailaza usiku kucha kwenye maji ya majani ya mti wa mkungu. Majani yale mekundu yanayoanguka yenyewe na kufagiliwa uani ndiyo tunayoyataka. Baada ya hapo inakuja shabu, gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu, kwenye maji ya mvua. Kwa weusi tunatumia misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki na maji kwa wiki mbili. Kitambaa kilichopita kwenye mkungu ukikichovya humo kinakuwa kijivu mbele yako, ukirudia kinakaribia weusi. Usizidishe, maana chuma hula uzi, na kitambaa kitaanza kuchanika baada ya miezi. Makumbi ya nazi hutoa hudhurungi tulivu ninayoipenda kuliko zote, na kisiwani hayanunuliwi.

Magome ya mikoko hatutumii. Najua wazee walitumia mkandaa kupata wekundu, na wanafunzi hutuuliza kila mara. Lakini mikoko inalindwa kisheria, na Chole imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Mti ukichunwa gome kuuzunguka, unakufa. Hakuna mkoba unaostahili hilo.

Kuhusu moto, kuni kisiwani ni shida, nasi hatutaki darasa la siku tatu limalize kuni za mwezi za familia. Tunachemsha mara moja, tunafunika, tunaacha usiku kucha. Rangi inaingia polepole lakini inaingia sawasawa, na mabaka yanapungua.

Siku ya tatu ni ya nili, na ni ya ukindu, yale majani ya mkindu yanayosukwa kuwa ukili. Pipa la nili hatulipiki kwa haraka. Tunaliandaa tangu siku ya kwanza kwa chokaa na ndizi zilizoiva sana. Kitambaa kinatoka humo kikiwa kijani, na hewa ikikipiga kinakuwa buluu ukiwa umekishika mkononi. Bibi zetu waliovaa kaniki waliijua buluu hiyo. Baada ya hapo mimi huwa mwanafunzi. Akina mama hufundisha namna ya kuchemsha ukindu usikatike, na wale wakubwa hueleza weusi wa mizizi ya mdaa uliotumika kabla ya rangi za pakiti kufika madukani. Tunawalipa kama walimu, na malipo hayo yamo ndani ya ada yako.

Ukija, leta kitambaa cha pamba tupu. Kukijaribu ni rahisi: choma uzi mmoja. Ukinuka kama karatasi na kuacha majivu, ni pamba. Ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu, kiache nyumbani, hakitashika rangi. Vitambaa vipya vina wanga, vifue mara mbili. Sufuria zetu ni za stili, kwa kuwa magadi hula zile za alumini, na sufuria iliyopikiwa rangi hairudi jikoni kupikia chakula.

Madarasa ya Chole tunayaweka Januari na Februari. Mvua za vuli zimeshajaza matangi na kusi, ule upepo wa kutoka kusini, halijaanza kuchafua bahari. Kuna wateja waliotuomba Julai. Tumekataa, kwa sababu mashua ikichelewa siku mbili darasa la siku tatu limeharibika, na hela yako nayo.

Na kama unataka tuje kisiwani kwenu au kijijini kwenu, popote palipo, kabla hatujazungumza bei tutumie nusu lita ya maji mnayotumia, kwenye chupa safi isiyonuka sabuni, na uandike juu yake imechotwa kisima gani na mwezi gani. Tutayajaribu kwa manjano, kwa shabu na kwa mkungu, kisha tutakurudishia vipande vitatu vya kitambaa. Rangi utakazoziona hapo ndizo tunazoweza kukuahidi.