Tenti ya Jumanne na Tenti ya Jumamosi: Barua kwa Mdogo Wangu Aliye Kakamega

Mulembe mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa juu ya lori tukirudi kutoka Ahero. Tenti nne, viti mia mbili, spika mbili na jenereta ya mkopo. Hongera! Ila ulinichekesha uliposema wateja wako wawili wa kwanza wote walitaka bure, mmoja mchungaji, mwingine shangazi yetu. Karibu kwenye kazi ya hafla. Nimeifanya hapa Kisumu miaka kumi na mmoja, na haipiti wiki bila mtu kuniambia, "Nisaidieni tu na tenti moja, kwani si mnazo nyingi?"

Umeniuliza utakataaje. Kukataa utajifunza mwenyewe, na kwa shangazi hutaweza. Mimi nataka kukueleza habari ya kutoa, maana nimeona kampuni ikitoa na pesa zikatoka mfuko usio wake.

Unakumbuka mafuriko ya 2024. Mto Nyando ulifurika, watu wakahamia shuleni na makanisani, na shule zikachelewa kufunguliwa nchi nzima. Kampuni yetu, enzi za bosi wa zamani, ilipeleka tenti sita. Lilikuwa jambo jema na silidharau, kwa sababu usiku ule watoto walilala pakavu. Lakini asubuhi, kabla hatujaondoka, bosi aliwatangazia vijana wa kupakia kwamba leo hakuna malipo, "leo tunajitolea." Mmoja wao alikuwa wa Nyalenda, na maji yalikuwa yameingia kwake alfajiri ile ile. Alibeba vyuma hadi saa mbili usiku, akapigwa picha amevaa fulana yenye jina la kampuni, kisha akanivuta pembeni akaniomba shilingi mia ya bodaboda. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa kikosi. Nilimpa ile mia, nikarudi nyumbani nikijiona mtu mwema.

Hesabu ilinijia baadaye, usiku. Vijana wanane, shilingi 800 kila mmoja, ni 6,400. Tenti zingelala stoo hata hivyo, kwani mvua ilikuwa imefuta hafla zote za wiki ile. Kwa hiyo siku ile aliyetoa hasa ni kijana wa Nyalenda, na jina lililoandikwa kwenye bango ni la mtu mwingine. Bosi naye alikuja kupata hasara yake, nisimwonee: tenti zilirudi baada ya wiki saba, mbili zimeota ukungu usiotoka hata kwa sabuni. Hiyo ilikuwa sadaka yake halali. Ya wale vijana hakuwa na ruhusa ya kuitoa.

Basi ukiamua kutoa tenti bure, lipa kwanza wanaoisimamisha, kwa bei ile ile ya siku zote, na ulipe siku hiyo hiyo. Mafuta ya lori na dizeli ya jenereta uyahesabu pia. Ukiona mfuko wako hauwezi hayo, toa kitu kidogo kuliko tenti. Viti hamsini ambavyo wao wenyewe watakuja kuvichukua kwa mkokoteni ni msaada mkubwa.

Na uangalie siku. Wewe unajua huko kwetu, sawa na huku kwa Wajaluo: maiti hutolewa mochari Alhamisi au Ijumaa, mazishi Jumamosi. Harusi nazo Jumamosi. Tenti ya Jumanne ukimpa mchungaji kwa semina ya akina mama, umempa kitu kilichokuwa kimekunjwa. Ya Jumamosi ni kodi ya nyumba yako. Mwambie hivyo bila haya, ataelewa; yeye mwenyewe hawezi kukuazima kanisa lake Jumapili saa nne. Kwa shangazi, mpe ya Jumamosi na unyamaze.

Kuna jambo lingine litakalokukuta ukishakuwa na watu watano wa kudumu: michango ya kazini. Mmoja atafiwa, mwingine atalaza mtoto hospitalini, na mtu atafungua kundi la WhatsApp na kuanza orodha. Jina, kiasi. Jina, kiasi. Ukifika mstari wa tano unaona fundi wa mitambo ameandika 1,000, na wewe ulikuwa umepanga 200. Unakopa kwa simu ili usiaibike. Halafu mwenye kushika orodha atakuandikia kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nimegundua methali hiyo hupendwa zaidi na wale ambao majina yao yako juu.

Sisi tulianza upya 2020. Mikusanyiko ilipopigwa marufuku mwezi wa Machi, kazi yetu ilikufa ndani ya siku moja, na wale wa mshahara tukaanza kuchangia unga wa vibarua. Aliyebuni utaratibu ni mama anayesimamia vitambaa na maua. Alisema hataki kuona jina la mtu. Kila mmoja alimtumia alichoweza kwa M-Pesa, yeye akatangaza jumla tu. Kwa wiki kadhaa nilimshuku, nakiri. Kisha akapendekeza mwenyewe kwamba wawili wengine wawe wakisoma taarifa za simu yake kila mwisho wa mwezi, mmoja wao kibarua. Hata leo ndivyo ilivyo. Kila kazi ikilipwa, kila mtu anaweka shilingi 50, bosi wetu wa sasa anaweka 50 kwa kila kichwa, na bosi hashiki kitabu. Akitaka kuongeza anaongeza, ila haulizi nani hakutoa.

Usije ukakata mchango kwenye malipo ya mtu bila yeye kukuomba kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataja makato unayoruhusiwa, na huruma yako haimo. Sheria hiyo hiyo inasema kibarua akikufanyia kazi mwezi mzima mfululizo, si kibarua tena, lakini hilo tuliache kwa siku utakapokuwa na kazi ya mwezi mzima.

Unajua hilo kasha letu la shilingi hamsini hamsini linasaidia wapi kuliko kwenye matanga? Kwenye SHA, bima ya afya ya serikali. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Kibarua anapimwa kipato, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ila anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Yaani 3,600, mtu ambaye jana alikuwa anatafuta nauli. Kasha linamlipia, naye anarudisha kidogo kidogo kila akipata kazi. Mwaka jana kijana mmoja aliangukiwa na nguzo ya jukwaa mguuni, na kwa mara ya kwanza hatukuchangishana ya hospitali. (Ila akiumia kazini kwako wewe, hilo ni deni lako kisheria, usimsukumie kasha.)

Jana tulikuwa tukiipandisha ile jenereta kubwa, na vijana wakaitikia "harambee!" kama kawaida. Watu hudhani neno hilo lilizaliwa mwaka 1963 mdomoni mwa Jomo Kenyatta. Yeye alilikuta tayari kwa wafanyakazi waliokuwa wakiliita wanapovuta mzigo. Lilikuwa la wenye mabega kabla halijawa la wenye meza kuu na kipaza sauti.

Nakutumia kamba mbili za nailoni na mifuko ya mchanga kwa basi la Ijumaa, maana mvua ya Kakamega ya saa tisa mchana haijali kama tenti ni mpya. Misumari ya chini pekee haitatosha kwenye ule uwanja wa shule. Jumamosi nina matanga mawili na harusi moja huko Mamboleo, kwa hiyo nipigie Jumapili jioni.

Na mwambie mama pesa za paa la kanisa zimeshaingia kwenye simu yake. Asiruhusu jina langu lisomwe.

Kaka yako,
Kisumu