Barua ya wazi kwa vijana wetu wanaotafuta nyumba Marekani

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliofika Marekani kutoka Nyarugusu, Bukavu, Mombasa na kwingineko, ambao sasa mmechoka kulipa kodi kila mwezi na mnataka nyumba yenu. Mkisikia ubaguzi wa rangi, wengi wenu mnafikiria tusi la njiani au polisi anayekusimamisha bila sababu. Huo upo. Lakini ule uliowafilisi watu weusi wa nchi hiyo ulivaa tai na kukaa ofisini, ukipiga hesabu.

Mwaka 1933 serikali iliunda shirika la HOLC kuwaokoa wenye nyumba walioshindwa kulipa mikopo. Shirika hilo likachora ramani za miji zaidi ya 200 na kuipanga mitaa kwa rangi nne: kijani, buluu, njano, nyekundu; kijani ni mtaa salama kukopesha, nyekundu ni wa hatari. Mtaa wa watu weusi karibu kila mara ulipakwa nyekundu, hata nyumba zake zikiwa imara. Mwaka 1934 ikaja FHA, taasisi ya kudhamini mikopo ya nyumba, na mwongozo wake ukawafundisha wathamini kwamba watu wa rangi tofauti wakichanganyika mtaani, thamani hushuka.

Sasa angalieni pesa ilipoingilia. Kwa hiyo benki zikawanyima weusi mikopo, na aliyenyimwa bado anahitaji pa kulala. Chicago, miaka ya 1950 na 1960, hasa North Lawndale, madalali waliwatisha wazungu: weusi wanakuja, uzeni kabla bei haijaanguka. Mzungu akauza kwa hasara. Dalali akamuuzia mtu mweusi nyumba ileile, mara nyingi kwa bei maradufu, kwa mkataba wa kulipa kila mwezi. Hati ilibaki kwa muuzaji mpaka senti ya mwisho. Ukikosa malipo ya mwezi mmoja tu unaweza kutolewa, yote uliyolipa yamekwenda, na nyumba inauzwa upya kwa mwingine.

Dalali yule hakulazimika kumchukia mtu yeyote. Alichohitaji ni mlango wa benki uendelee kufungwa. Kwa hiyo mtu akiwaambia ubepari haujui rangi, unajua fedha tu, msimkubalie: pale rangi ndiyo iliyozaa fedha, na mzungu aliyetishwa naye akapunjwa. Mwaka 1968 wanunuzi weusi wa mikataba hiyo waliunda umoja wao, Contract Buyers League, wakagoma kulipa, na mamia yao wakapata masharti mapya.

Mwaka huohuo Sheria ya Makazi ya Haki ikapiga marufuku ubaguzi huo. Mbinu ikageuka: badala ya kunyimwa mkopo, ukapewa mkopo mbaya. Mwaka 2011 kampuni ya Countrywide ilikubali kulipa dola milioni 335 kumaliza madai ya serikali kwamba ilitoza zaidi ya wakopaji 200,000 weusi na Walatino gharama kubwa kuliko wazungu wenye sifa kama zao. Na mwaka 2022 ukizipanga familia za kizungu kwa utajiri, ile ya katikati kabisa ilikuwa na mali ya dola 285,000, madeni yakishatolewa; ya weusi 44,900.

Nyumba kwa mkataba bado zinauzwa, na atakayewaletea anaweza kuwa mtu mnayesali naye. Kabla ya kutoa kianzio, nendeni ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti mwone hati ina jina la nani, na kama nyumba imewekwa rehani. Muuzaji akiacha kulipa deni lake, benki inaweza kuichukua nyumba ingawa ninyi hamjakosa mwezi hata mmoja.

Kwa mkopo wa benki, ombeni sehemu tatu ndani ya siku 45. Wakikagua historia yenu ya krediti kwa ajili ya mkopo wa nyumba, itahesabiwa kama mara moja. Kila mkopeshaji lazima awape Loan Estimate, makadirio ya gharama za mkopo ya kurasa tatu, ndani ya siku 3 za kazi baada ya kupokea ombi. Zipangeni mezani. Tazameni riba, kisha ada za mkopeshaji ukurasa wa pili, kisha APR, yaani gharama ya mkopo kwa mwaka, riba pamoja na ada, ukurasa wa tatu. Mkopo wa dola 200,000 kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6 ni kama dola 1,199 kwa mwezi. Kwa asilimia 7 ni 1,331. Asilimia moja hiyo inawala zaidi ya dola 47,000 kwa miaka yote 30.

Nakala ya tathmini ya nyumba ni haki yenu. Mkiwa mnaikopea upya nyumba yenu na thamani ikaja chini, angalieni nyumba alizolinganisha mthamini: mtaa gani, ukubwa gani, ziliuzwa lini. Akiwa ameziruka za karibu, leteni nyingine tatu na mwombe mapitio kwa maandishi.

Mkikataliwa mkopo, mkopeshaji ana siku 30 tangu apokee ombi lenu kamili kuwajulisha, nanyi mna haki ya kujua sababu mahususi. Mkiona mmebaguliwa, malalamiko kwa HUD, wizara ya makazi ya Marekani, yana mwaka mmoja, kesi mahakamani miaka miwili. Siku hiyohiyo andikeni tarehe, jina la ofisa na maneno aliyoyasema, kabla hamjayasahau.

Mzee wenu