Vanishi ya makabati ya jikoni: tuanzie chini ya sinki

Tukiitwa kuangalia kabati la jikoni lililobanduka vanishi, mwenye nyumba hutuonyesha uso wa mlango. Sisi tunaufungua, tunachuchumaa na kupitisha kidole kwenye ukingo wa chini, ule unaotazama sakafu. Mara nyingi jibu liko pale.

Mama mmoja wa Shangani, hapa Mtwara, alitupigia simu kiangazi kilichopita. "Fundi, mwaka haujaisha na vanishi inanyanyuka. Au nimeuziwa feki?" Tulikwenda. Makabati ya mninga, kazi safi, mbele yanang'aa hata dirisha unaliona ndani yake. Milango miwili ya chini ya sinki ndiyo iliyokuwa na tatizo: kiasi cha kiganja kutoka chini, vanishi imeachana na mbao na kujikunja kama ganda la kitunguu. Tulipoifungua, ukingo wa chini ulikuwa mweusi, umevimba, na ukiukwaruza kwa ukucha unatoka nyuzi. Hakuna brashi iliyowahi kufika hapo. Kwa ndani ya mlango walipaka mkono mmoja tu, yaani tabaka moja, mwepesi, kama wa kuondoa lawama.

Vanishi haikuwa feki. Kila alipodeki, maji yaligusa ukingo ule. Kila sinki lilipochuruzika, tone lilifuata bomba na kutua humo ndani. Mbao ikanywa kwa chini, ikavimba, ikaisukuma vanishi ya mbele kutokea ndani. Ungeipaka upya mbele mara kumi, ingebanduka mara kumi.

Mbao ukiitazama kwa karibu ni mirija iliyobanwa pamoja. Ubavuni mirija hiyo imefungwa, lakini kwenye kichwa cha mbao, pale msumeno ulipokata, iko wazi, na inavuta maji kama mrija uliochomekwa kwenye dafu. Kwa hiyo sisi tunaanza na vichwa na kingo: tunavisugua kwa msasa laini kuliko ule wa uso wa mbele, tunavipaka mkono wa kwanza mwepesi uzame, kisha mikono mitatu mingine. Nyuma ya mlango inapata idadi ileile ya mikono kama mbele. Hata matundu ya bawaba na tundu la kupitishia bomba la sinki tunayapaka ndani kabla ya kufunga kitu. Ukimpa fundi yeyote kazi, wa kwetu au wa kwingine, muulize hilo kwanza kabla ya kumuuliza jina la vanishi.

Kuna sababu nyingine ya kupaka pande zote, nayo inatuhusu zaidi sisi wa pwani. Mbao hata ikikauka haiachi kupokea na kutoa unyevu. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65, mbao hutulia ikiwa na maji ya karibu asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Hewa ikifika asilimia 80, mbao nayo hupanda hadi kama 16. Tofauti hiyo inatosha kuufanya mlango uliokuwa unafunga kwa kidole ufunge kwa kusukumwa na goti. Tumeona makabati yaliyotengenezwa Masasi wakati wa jua kali, yakashushwa Mikindani, na masika ya kwanza droo zikagoma. Vanishi, hata iwe nzuri namna gani, haizuii kabisa unyevu wa hewani, inaupunguza kasi. Sasa ukiupunguza kasi upande mmoja tu, upande mwingine unakunywa peke yake na mlango unabinuka. Ndiyo maana mbao inayokuja kwetu kutoka Liwale au Tunduru hatuigusi siku inaposhuka kwenye lori. Tunaipanga kwenye kivuli, na vijiti katikati hewa ipite, mpaka iizoee pwani.

Haya, tuje kwenye vanishi zenyewe.

Inayotumika zaidi kwenye karakana nyingi za hapa ni laka ya kupuliza, ile inayochanganywa na tina (kiyeyusho kinachoruka upesi), wengine wanaiita klia. Inapendwa kwa sababu ni rahisi na inakauka upesi: asubuhi umepuliza, jioni mlango unarudi nyumbani. Kwa kitanda, kabati la nguo au kochi, hatuna ugomvi nayo. Kwa jikoni tunaipinga, hasa chini ya sinki na pembeni ya jiko. Laka hii hukauka kwa tina kuruka tu, hakuna kinachoshikana zaidi ya hapo, kwa hiyo utando wake unabaki mlaini mbele ya joto, maji ya kukaa na mafuta. Ukiegemeza sufuria ya moto, inaacha alama.

Tena ina tabia moja ambayo kila mtu wa Mtwara na Lindi anapaswa kuijua kabla hajalipa. Februari moja tulikuwa na kazi ya mteja aliyekuwa anangoja wageni wa harusi. Usiku mvua ilinyesha, asubuhi kulikuwa shwari, tukaona tuwahi. Saa mbili tukapuliza milango kumi na minne. Tulipomaliza wa mwisho, wa kwanza ulikuwa umeshageuka mweupe, kama umemwagiwa tui. Tina inaporuka haraka huupoza uso wa mbao. Hewa iliyojaa unyevu ikigusa uso uliopoa, inaacha maji pale, kama jasho linalotokea nje ya glasi ya maji ya barafu. Maji hayo yakanaswa ndani ya utando. Tulipiga msasa milango yote na kuirudia mchana wa kesho yake, jua likiwa limekaa, kwa tina inayoruka polepole. Gharama ilikuwa yetu, na mteja alipokea kazi siku moja baada ya tuliyomwahidi, jambo lililotuuma kuliko hiyo gharama. Tangu hapo wakati wa mvua hatupulizi kabla ya saa nne asubuhi, wala jioni umande unapoanza, hata mteja akitusukuma vipi.

Kwa jikoni tunashauri poliyurethane, vanishi ngumu ya jamii ya plastiki. Ipo ya kopo moja, inayopakwa kwa brashi, na ipo ya makopo mawili, inayochanganywa na hadina, dawa ya kuikaza, kabla tu ya kutumika. Ya makopo mawili ndiyo ngumu kuliko zote tunazofanyia kazi: vipande vyake hushikana vyenyewe kwa kemia, vikishashikana tina ya kawaida haiviyeyushi tena. Inavumilia mvuke, mafuta ya kukaangia samaki, sabuni ya kila siku. Milango ya chini ya sinki, ya pembeni ya jiko na droo za vijiko, tunaomba sana iwe hiyo. Kabati za juu zilizo mbali na moto zinatosheka na ya kopo moja, na hapo mteja anapunguza gharama bila kujidhuru.

Lakini hadina si kitu cha mchezo. Ina kemikali za isosayaneti, na moshi wake wakati wa kupuliza unaweza kumpa mtu pumu asiyowahi kuwa nayo. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haisaidii kitu. Tunapulizia karakanani, tumevaa barakoa yenye chujio la kemikali na miwani, watoto na mafundi wengine wakiwa mbali. Fundi akikuambia atakuja kupulizia vanishi ya hadina jikoni kwako huku familia iko ndani, mkatalie. Milango inafunguka kwa bisibisi, ipelekwe karakanani.

Kosa lingine tunalokutana nalo: fundi anapiga sila ya kawaida ya laka, ule mkono wa chini wa kuziba vinyweleo vya mbao, halafu juu anaweka poliyurethane. Sila nyingi za aina hiyo zina unga laini unaorahisisha msasa, na unga huohuo unaizuia poliyurethane kushika vizuri. Baada ya miezi inatoka vipande vizimavizima kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Mkono wa kwanza wa poliyurethane uwe poliyurethane yenyewe iliyopunguzwa kidogo, au sila iliyoandikwa kwenye kopo kuwa inakubaliana nayo.

Vanishi ya mafuta ya zamani, ile inayonuka na kuchukua siku nzima kukauka, bado ina heshima yake. Inashika vizuri, inaipa mninga rangi ya asali iliyokolea, na ukiwa na subira na brashi safi unaweza kuipaka hata mwenyewe. Udhaifu wake ni muda. Hukauka kwa kunywa hewa ya oksijeni, na ikikauka juu bado haijaiva ndani. Ipe wiki tatu hadi nne kabla ya kuisugua kwa sabuni.

Wateja wanaotuuliza kuhusu kupaka mafuta tu wanaongezeka, na tunaelewa kwa nini: mbao inabaki na sura yake, unaigusa unaihisi. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa yanafaa kwa rafu ya vikombe au kabati la vyakula vikavu. Kwa chini ya sinki hapana, kwa sababu hayazuii maji ya kukaa, na kwa unyevu wetu kuvu huyapenda. Ukiyatumia, angalizo moja ambalo tunaomba usilipuuze: kitambaa ulichopakia usikikunje na kukitupa kwenye pipa. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke, au kiloweke kwenye maji.

Mafuta ya nazi, ambayo kila nyumba inayo, hayakauki kamwe. Mwanzoni yanapendeza, baada ya wiki yanashika vumbi na masizi, kisha yanachacha na kunuka. Na kwa kuwa tuko kwenye mkoa wa korosho, tumeulizwa pia kuhusu mafuta ya ganda la korosho. Kweli yanajulikana kwa kuzuia mchwa kwenye nguzo, na viwandani yakishapitishwa kwenye joto na kemia hutengenezewa rangi na vanishi. Lakini yakiwa mabichi yanachoma ngozi. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua vidole vinavyobaki. Yasipakwe kwenye kabati ambalo mtoto anafungua kuchukua kikombe.

Mbao nayo ina maoni yake. Mninga ni mtulivu, hauchezi sana na unyevu, unapokea kila kitu. Tunaondoa tu ile sehemu nyeupe ya pembeni, maana wadudu wanaoacha unga huanzia hapo. Mkongo ni mgumu na unavumilia, ila vinyweleo vyake vina unga wa manjano ambao ukilowana unaweza kutia doa kitambaa, kwa hiyo ufungwe vizuri pande zote. Mtiki una mafuta yake ya asili. Tunaufuta kwa tina na kuupaka papo hapo kabla mafuta hayajarudi juu, la sivyo vanishi haishiki. Paina inayotoka Mafinga ni laini na hunywa vanishi kwa madoadoa, sehemu nyeusi, sehemu nyeupe. Hiyo tunamshauri mteja aipake rangi ya mafuta iliyo ngumu badala ya klia, na inapendeza. Kama kabati lako ni la MDF, bodi ya nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi, vanishi hailiokoi likishaingia maji: linavimba na halirudi. Chini ya sinki weka mbao au marini bodi (plaiwudi inayovumilia maji), MDF ibaki juu.

Kuhusu mng'ao, ni ladha ya mtu. Tunasema tu kwamba glosi inaonyesha kila alama ya kidole chenye mafuta, na nusu mng'ao inavumilia zaidi jikoni penye watoto.

Kama makabati ni ya zamani na hujui yalipakwa nini, usikimbilie kununua kopo. Chovya pamba kwenye tina, iweke mahali pa siri nyuma ya mlango kwa dakika moja. Pamba ikinata na kutoka na utando, ile ni laka. Isipoyeyusha kitu, ni poliyurethane au vanishi ya mafuta, ingawa hii ya mafuta inaweza kukunjamana kidogo. Jambo hili lina maana kubwa, maana laka ikipulizwa juu ya vanishi ya mafuta, tina yake inaiamsha ile ya chini na uso wote unakunjamana. Wakati mwingine huhitaji hata kubandua: dondosha maji juu ya mlango, kaa dakika kumi. Yakibaki yamesimama kama shanga, utando bado mzima, msasa namba 320 na mkono mmoja mpya vinatosha. Yakizama na kuacha doa jeusi, tunaanza upya kwenye mbao tupu, kwa msasa kutoka mkali hadi laini: namba 120, kisha 180, kisha 240.

Baada ya kazi, tunaomba mambo machache. Usitundike kitambaa kibichi juu ya mlango. Usitumie stilwaya wala dawa za klorini. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kisha kitambaa kikavu. Na sinki likichuruzika, rekebisha wiki hiyohiyo.

Wakati mzuri wa kuleta milango ni Juni hadi Oktoba, kusi ikivuma na mvua zimekatika. Kazi ya Januari hadi Aprili tunaipokea, ila tutakuambia mapema kuwa itachukua siku zaidi.

Na kama bado hujaamua, njoo uchukue vibao. Tunakata vitatu kutoka mbao ileile ya kabati lako, tunapaka laka, vanishi ya mafuta na poliyurethane, tunaandika namba nyuma. Kaa navyo jikoni wiki mbili. Vimwagie chai ya moto, vipake manjano na ndimu uviache usiku kucha, simamisha kimoja kimoja ndani ya sahani yenye maji, kisha virudishe, tuvitazame pamoja kwenye mwanga wa mlangoni.