Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Somnath

Ndugu wanachama, wazee wetu na wageni waalikwa,

Mwaka jana mlikubali kwamba vikao vyetu vya historia ya Bahari ya Hindi vishughulike na hekalu moja tu: Somnath, lililo ufukweni Prabhas Patan, jirani na bandari ya Veraval, kwenye rasi ya Kathiawar huko Gujarat. Wapo waliouliza hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, linatuhusu nini sisi watu wa Mombasa. Lilikuwa swali la haki, na kulijibu ndiyo iliyokuwa kazi yetu kubwa.

Al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu aliyeandika juu ya India mnamo 1030, anasema Somnath ilipata umaarufu kwa kuwa ilikuwa bandari ya mabaharia na kituo cha waliosafiri kati ya Sofala, nchi ya Zanj (ndivyo Waarabu walivyoiita pwani ya Afrika Mashariki), na China. Sofala ni ya pwani yetu hii, kusini, Msumbiji ya leo. Basi miaka elfu moja iliyopita vyombo vya huku vilikuwa vikijulikana mbele ya hekalu lile.

Kikao kilichojaza ukumbi kilikuwa cha hadithi ya Mwezi. Soma, yaani Mwezi, aliwaoa mabinti 27 wa Daksha, ambao ndio nyota anazozipitia kila mwezi. Moyo wake ukamwelemea Rohini peke yake. Wengine wakamlalamikia baba yao, naye akamlaani mkwewe akonde hadi aishe. Soma akaenda Prabhas, akaoga pale mto Saraswati unapoingia baharini, akamwomba Shiva. Shiva hakuiondoa laana yote, aliipunguza: akonde siku 15, anenepe siku 15. Kwa shukrani Soma akajenga hekalu la dhahabu. Wanasimulia kuwa baadaye Ravana alilijenga kwa fedha, Krishna kwa mbao, na mfalme Bhimdev kwa mawe. Al-Biruni anaongeza kwamba maji yakijaa yalilifunika jiwe takatifu na yakipwa likaonekana tena, watu wakasema Mwezi unamwogesha Mola. Hapo wavuvi wetu waliohudhuria walieleza bamvua na maji mafu kwa ufasaha ambao sikuupata kitabuni. Nawashukuru kwa dhati.

Kikao kigumu kilihusu mwaka 1026, Sultani Mahmud wa Ghazni, Afghanistan ya leo, alipolivamia hekalu na kulipora. Sauti zilipanda, na sikuona vibaya, kwa sababu jambo lenyewe linauma. Mfalme Kumarapala alilijenga upya mnamo 1169. Jeshi la Sultani wa Delhi likalibomoa tena 1299. Haya hayafichiki, wala chama hiki hakitayaficha. Lakini anayesimulia panga peke yake amesimulia nusu. Mnamo 1264, kati ya mabomoko hayo mawili, nahodha Nuruddin Firuz wa Hormuz alipewa ardhi mjini Somnath ajenge msikiti, akisaidiwa na wakuu wa Kihindu wa mji. Hati yake ilichongwa kwenye jiwe kwa Kisanskriti na Kiarabu, ikaagiza kuwa mapato yakibaki yapelekwe Makka na Madina. Watu wa mji walikuwa wanakumbuka yaliyotokea, na bado walimpa nafasi jirani yao wa baharini. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo la kufundisha watoto wetu kabla ya yote.

Hekalu la sasa ni la juzi. Malkia Ahilyabai Holkar alijenga hekalu dogo karibu na magofu mnamo 1783. Novemba 1947 Sardar Patel, naibu waziri mkuu wa India, alifika pale akaahidi ujenzi mpya. Gandhi akashauri fedha zitolewe na wananchi, si hazina ya serikali. Tarehe 11 Mei 1951 Rais Rajendra Prasad alisimamisha linga, yaani jiwe takatifu la Shiva.

Kwenye sherehe tulisherehekea Mahashivaratri, usiku mkuu wa Shiva, kwa mkesha, pamoja na majani ya mti mtakatifu wa bilva, maziwa na maji ya kumiminia linga. Tulifuatilia pia Jumatatu za Shravan, mwezi wa Kihindu wa kumwabudu Shiva, na maonyesho ya siku tano ya Kartik Purnima, yaani mwezi mpevu wa mwezi wa Kartik, ambapo mahujaji hungoja mwezi mpevu usimame juu ya kilele cha hekalu. Akina mama waliopika chakula cha mfungo na vijana waliolinda viatu mlangoni wanastahili makofi.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi naleta ombi moja lipigiwe kura leo. Katika wilaya hiyohiyo ya Somnath kuna kijiji cha Jambur, wanakoishi Wasidi, wazao wa Waafrika, ambao mpaka leo wanapiga ngoma yao. Naomba mwaka ujao uwe wao, na kamati ya masomo iruhusiwe kuanza maandalizi mwezi huu.