Barua ya wazi kwa walimu vijana mliopewa kazi ya malezi na unasihi

Wanangu, shikamoo zenu nazipokea kwa mbali, marahaba. Najua wengi wenu mmekabidhiwa unasihi, yaani kumsikiliza na kumshauri mwanafunzi mwenye shida, kwa sababu tu ni wapya shuleni na hakuna mwingine aliyeitaka, ofisi huna, kipindi kwenye ratiba huna, na masomo yako unayofundisha yako pale pale. Hata hivyo naomba mnisikilize kwa hili, kabla hujaanza kumshauri mtoto jua kwanza ile tabia inamsaidia nini.

Kuna kijana wa form two nilikuwa naletewa kila mara kwa kosa lile lile, kipindi cha Kiingereza anapiga kelele, anamjibu mwalimu ovyo, anatolewa nje. Ameshachapwa, mzazi ameshaitwa, barua za kujieleza ameandika mpaka anazijua kwa kichwa, wapi. Nikaomba nikae nyuma ya darasa na daftari, naandika tu nini kimetokea kabla ya fujo na nini kimefuata baada yake. Ikajionyesha yenyewe, fujo inaanza watoto wanaposimama kusoma kwa sauti na zamu inamkaribia yeye. Kumbe kusoma hajui vizuri, hata Kiswahili anabahatisha! Kwa hiyo ile kutolewa nje ambayo shule nzima inaita adhabu kwake ndo ilikuwa nafuu yake.

Tukakubaliana na mwalimu asimsimamishe ghafla, ampe aya fupi siku moja kabla, jioni naisoma naye, na kijana mwenyewe akiona anaanza kuchemka anyooshe mkono aombe kutoka kidogo kwa adabu. Alafu kadi, mwalimu anasaini kila kipindi kikipita salama na Ijumaa tunaikagua pamoja. Wiki za mwanzo alivurunda sana, jamani msikate tamaa hapo, hapo ndo wengi wanamwacha mtoto alafu wanasema unasihi haufanyi kazi.

Mtaambiwa fimbo inatosha. Kanuni za Tanzania za adhabu ya viboko shuleni, za mwaka 2002, zenyewe zinasema visizidi viboko 4, achape mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Wewe mnasihi kaa mbali na fimbo kabisa, mtoto uliyemchapa asubuhi hawezi kukufungulia moyo mchana.

Na alichokwambia kisiende ofisi ya walimu wala paredi. Ila mwambie siku ya kwanza kabisa kwamba siri ina mpaka, akikwambia anaingiliwa au anaumizwa nyumbani huwezi kukaa nalo, mkuu wa shule lazima ajue, ustawi wa jamii wajue, na dawati la jinsia na watoto lipo polisi, na 116 ni namba ya bure ya kusaidia watoto, iandike ukutani wote waione. Akilijua hilo mapema hatasema baadaye kwamba umemsaliti.